Hojaji Ishirini na Kina Mama Brayo Watatu

Hii hata mke wangu sijawahi kumweleza vizuri, yeye anajua tu kwamba nilichelewa kuhitimu mwaka mzima, na kila akiuliza namwambia "mambo ya chuo". Leo wacha niiseme yote, aibu ikinipata inipate.

Nilikuwa mwaka wa tatu, na Daktari Nekesa, mwalimu wetu wa utafiti (mama mfupi, mpole, miwani ikining'inia shingoni), alitutuma kila mmoja akahoji akina mama ishirini wanaouza mboga sokoni Kangemi. Nilipanga kwenda Jumamosi. Jumamosi ikanyesha, na mimi nilikuwa na viatu vipya, basi nikasema si nijaze hojaji mbili tatu tu hapa kwa binamu yangu Westlands, zingine nitamalizia sokoni, lakini mkono ukishazoea haujui kusimama, kufika saa kumi nilikuwa nimejaza zote ishirini kwa kalamu nne tofauti, sita kati yake kwa mkono wa kushoto (hata nilijipongeza kwa bidii). Wa kwanza nilimpa jina Mama Brayo, maana soko gani Nairobi halina Mama Brayo?

Wiki iliyofuata Daktari akanisifu mbele ya darasa. "Kevin, hawa akina mama wamekufungulia roho kweli. Alhamisi tunaenda sote, ututambulishe kwao."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikasema, "Hakuna shida, Daktari."

Alhamisi tukaingia sokoni watu thelathini na kitu, mimi mbele kama mwenye soko, nikizungusha macho huku na huku, mwishowe nikapaza sauti: "Mama Brayo!"

Wakageuka watatu. Nikamchagua mwenye uso wa huruma, aliyekuwa ameketi akiambua minji, zile njegere mbichi.

"Mama, si unanikumbuka? Nilikuja ile Jumamosi ya mvua."

"Jumamosi? Kijana yangu, mimi ni Msabato. Jumamosi niko kanisani."

Wenzangu walicheka mpaka wengine wakashikilia meza za watu. Lakini yule mama akaniangalia, akaona jasho, akaona vile midomo imenikauka. "Ngoja," akasema, "ama ilikuwa Ijumaa? Ee, Ijumaa. Huyu alikuja, tukaongea sana."

Daktari akainama karibu naye. "Alikuuliza nini, mama?"

Mama Brayo akafungua mdomo, akaufunga, akanitazama kama anayeomba nimpe jibu. Kicheko kilikuwa kimeniuma, lakini hili ndilo lilinimaliza: mtu asiyenijua, mcha Mungu, anatafuta uongo wa kunifunika mbele ya wateja wake.

"Usimuulize, Daktari," nikasema. "Sikuja. Zote nilijaza mimi."

Hakupiga kelele. "Umepata sifuri, na somo utalirudia," akasema, kisha akawatuma wenzangu wakafanye kazi yao, akageuza kreti mbili tupu, moja yangu, nyingine yake, akaketi (na ile sketi yake nzuri). "Usiulize kitu. Saidia kwanza."

Tukaambua minji watu watatu mpaka jioni, na bila swali hata moja Mama Brayo akaanza kutusimulia maisha yake. Mimi kwenye hojaji nilikuwa nimeandika kwamba hakusoma. Kumbe alikuwa amefundisha nasari miaka tisa.

Tukirudi barabarani Daktari aliniambia jambo moja tu: "Ulimtungia maisha madogo kuliko yake."

Wenzangu walihitimu, mimi nikawapigia makofi. Siku hizi somo lile nalifundisha mimi, Daktari amestaafu, Mama Brayo alirudi kwao Nyamira, na wallahi naikumbuka jioni ile, vidole vya kijani, matope, wale wawili wakicheka juu ya kichwa changu, zaidi kuliko ninavyoikumbuka siku niliyovaa joho.

Na fomu ya mtu sijazi tena kwa kubahatisha. Juzi mama yangu mzazi alilazwa, nikamsomea karatasi ya hospitali swali moja moja, mpaka akachoka nami. "Kevin, kwani hujui nilizaliwa wapi?"

"Najua, Mama," nikamwambia. "Lakini sema wewe."