Dengu za Mama Mkwe Ghorofa ya Tisa

Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea Toronto, tulikuwa tunakaa North York, ghorofa ya tisa, chumba kimoja na sebule. Chumba tulimpa yeye. Mimi na mke wangu tukahamia sebuleni, kwenye godoro la kukunja. Sasa kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawaketi pamoja, hawashikani mikono wala hawatazamani usoni. Ni heshima, na mimi heshima naipenda, lakini aliyeibuni alikuwa na ua mpana na nyumba zaidi ya moja. Sisi tulikuwa na korido ambayo ukikutana na mtu lazima mmoja wenu avute tumbo.

Basi tukajipangia. Mama akitoka chumbani anakohoa, mimi nageukia dirishani. Akipika, nipo dirishani. Akiosha vyombo, nipo dirishani. Ile sehemu ya kuegesha magari pale chini naijua mpaka leo, najua nani alikuwa anagonga gari la mwenzake na kujifanya hakuona. Nilikuwa nalinda ghala usiku, kwa hiyo mchana nilikuwa nyumbani, na mke wangu ndiye aliyekuwa kazini, akihudumia wazee kwenye makao yao.

Tatizo lilikuwa mazungumzo. Kwetu ukiwa na neno kwa mama mkwe, unampa mtoto alipeleke. Mtoto hatukuwa naye. Sikumbuki nani alianza, ila kabla mwezi haujaisha tulikuwa tunatumia friji.

"Friji," anasema mama, "mwambie huyo baba chai iko kwenye chupa."

"Friji," najibu huku nahesabu magari, "mwambie mama nashukuru, ila sukari imezidi."

"Mwambie huyo baba akaoe mke anayejua kipimo."

Friji linanguruma. Mambo yanaenda.

Vuli ile tulimpeleka kwenye duka la nafaka kule Unionville, la mama mmoja Mwismaili mzaliwa wa Mwanza, anayekisema Kiswahili vizuri kuliko mimi. Mama mkwe alipoziona dengu za pale alisimama wima. Dengu zetu za nyumbani ni ndogo, za kahawia, zimekunjamana. Hizi zilikuwa nyeupe, nene, zimeshiba. Mwenye duka akamhakikishia ni za mavuno ya mwaka uleule, kutoka huko magharibi ya nchi. Mama akanunua mfuko mzima, si za kula, za mbegu. Jioni hiyohiyo akawapigia simu wanawake wa kikundi chake cha kilimo akawatambia kwamba Aprili anarudi na dengu za Kanada. Mmoja wao akamjibu kwamba vitu vya dukani haviotagi, ataleta kokoto.

Hapo ndipo amani ya nyumba yangu ilipokwisha. Mke wangu alishughulikia karatasi za kusafirisha mbegu, hilo halikuwa tabu. Tabu ilikuwa kuzifikisha hizo dengu Aprili zikiwa hai.

Kwanza mama alitia sehemu kwenye kopo la aiskrimu, baada ya kuziosha kwa sababu aliona vumbi. Zilikuwa hazijakauka vizuri, na lile kopo likifungwa halipitishi hata wazo. Alipofungua zilikuwa na manyoya ya kijani. Za pili akazitia kwenye mfuko wa kitambaa, akautundika juu ya hita.

"Friji," nikasema, "mwambie mama huko juu anazikaanga."

"Friji, mwulize huyo baba kama amewahi kulima hata mchicha."

Sijawahi, kusema kweli. Lakini zile dengu zilipasuka maganda, na alipozijaribu kwenye karatasi mbichi kuona kama zitaota, zilivimba, zikanuka, zikaoza. Mama alishika tama siku nzima. Mke wangu akaniambia kwamba usiku amemsikia anaomba, na kwenye maombi dengu zimetajwa kabla yetu.

Zikabaki za mwisho. Mama akasema hizi lazima zipate majivu, kama kwao, la sivyo fukusi watazitoboa.

"Mama, Kanada hakuna fukusi," mke wangu akamwambia.

"Hata kwetu hawakuwepo mpaka walipofika."

Majivu utayapata wapi ghorofa ya tisa? Tuna jiko la umeme. Ukiwasha hata ubani, kengele ya moshi inaita jengo zima. Nikatumwa mimi, maana ndiye mkwe, na mkwe akitumwa anakwenda. Nikafika Mount Dennis kwa Mjamaika anayechoma kuku kwenye pipa la mkaa. Akaniuliza nataka kuku mzima au nusu. Nikamwambia nataka majivu. Alinitazama, akatazama viatu vyangu, akanijazia ndoo, kisha akanifungia na paja la bure. Nadhani aliona nimefilisika. Ndani ya basi kila mtu alinigeukia akivuta pua kwa hamu.

Mama alifunua ndoo, akainusa.

"Friji, mwulize huyo baba, humu kuna kuku amezikwa?"

"Friji, mwambie mama majivu ni majivu."

Aliyachekecha kwa chujio letu la chai, akayaanika, akachanganya na dengu, akazishindilia kwenye chupa kubwa ya achari aliyoikausha vizuri. Safari hii alikubali ushauri wangu, akaiweka kwenye kabati la makoti karibu na mlango, penye giza na ubaridi. Makoti yetu yalinukia kuku mpaka majira ya baridi yakaisha. Mlinzi mwenzangu kila nikiingia zamu anauliza nimeleta nini.

Ilipokaribia safari yake, mama alichukua punje chache, akazipangusa majivu, akazifunga kwenye karatasi mbichi ndani ya sahani. Akaacha kula vizuri. Hata kunisema akaacha, na nyumba ikawa haina raha. Asubuhi moja nilikuwa dirishani kama kawaida nikasikia anaifunua ile karatasi. Kisha kimya. Mama si mtu wa kimya. Nikajua zimeoza, na moyo ukaniuma kuliko nilivyotegemea.

Nikasikia kandambili zinakuja. Akapita mbele yangu, akasimama kati yangu na dirisha, sahani mkononi.

"Mkwe, tazama."

Nikatazama. Karibu zote zilikuwa zimetoa mzizi mweupe, mwembamba kama uzi. Kisha nikainua macho, na sikuwa na mahali pengine pa kuyaweka. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Nilikuwa naogopa kurudi," alisema. "Wale wanawake ndio walionilimia nilipofiwa. Nilitaka safari hii na mimi niwapelekee kitu."

Tulikuwa tumekaa nyumba moja tangu vuli, na sikuwa najua kwamba ana mwanya, uleule wa mke wangu. Sahani ilikuwa imeinama mkononi mwake, nikaishika upande mmoja dengu zisimwagike, na hakuna aliyegeuka.