Mitungi ya Anko na Pampu ya Mama

Anko wangu ni wakala wa forodha kule Oraba. Anapitisha mizigo ya watu mpakani, na mizigo iliyokimbiwa na wenyewe humpenda sana. Kiangazi hiki alipendwa na mitungi miwili ya chuma, ile ya wapiga mbizi. Sijawahi kuona mtu wa huku kwetu West Nile akizama na mtungi mgongoni, lakini anko aliileta mpaka kwetu Aroi kwa bodaboda, ameikumbatia kama mapacha.

Mama ana bwawa, na bwawani kuna pampu ya umeme wa jua inayomwagilia nyanya. Pampu inaning'inia chini ya chelezo cha jerikeni tupu ili isiguse tope. Ikinyonya tope inaungua, na nyanya ndiyo kwanza zilikuwa zimetoa maua. Jerikeni moja ilikuwa imepasuka, chelezo kikaanza kuinama. Kwa hiyo mwokozi wetu alifika wakati mzuri.

"Dada, tupa hii takataka," akamwambia mama. "Hii yangu iko chuma. Itakaa mpaka wajukuu."

Huku kwetu kila mtu anajua jerikeni tupu inaelea kwa sababu ya hewa. Anko aliisukuma hesabu hiyo mbele: penye hewa nyingi zaidi, ndipo penye kuelea zaidi. Akaanza kulinganisha. Mtungi mmoja mwembamba, umegongwa muhuri wa lita kumi na mbili. Mwingine mnene, lita kumi na tano. Aliigonga kwa funguo, akasikiliza kama daktari. Akainyanyua mmoja mmoja, vile tunavyonyanyua mtungi wa gesi dukani kujua kama umejaa. Kisha akafungua koki ya ule mnene. Pssshhh! Kuku wakatawanyika, naye akaifunga haraka.

"Umesikia? Hewa imeshindiliwa humu! Ya jerikeni za kijiji kizima!"

"Anko," nikasema, kwa ile sauti yangu ambayo hata mbuzi huwa hawaisikii, "hewa ikishindiliwa inaongeza uzito."

Safari hii nilisikika. Anko alicheka mpaka akashika mtungi asianguke. "Dada! Unalipa ada mutoto afundishwe upepo iko na kilo!"

Mama naye akacheka. Kicheko cha anko ningekimeza, cha mama kilinikwama.

Anko akavuta chelezo ukingoni mwa bwawa, akafungua kamba za jerikeni, akaanza kuifunga pampu kwenye mtungi mnene. Kichwani nilikuwa na maneno yote. Maji hukisukuma kitu juu kwa ukubwa wa nafasi kinayochukua, siyo kwa wingi wa hewa iliyosongamana ndani. Ule mnene ungekuwa mtupu, labda ungekaribia kuelea. Ukiwa umejaa ni jiwe, na ukifungwa pampu ni jiwe lenye mzigo. Lakini sentensi ndefu namna hiyo sijawahi kuitoa hata darasani.

"Jaribu kwanza bila pampu," nikasema.

"Kujaribu ni kukosa imani!"

Nikausukuma kwa mguu ule mwembamba. Ulibingirika ukingoni, ukaingia majini, ukaenda chini. Haukuchezacheza, wala haukutuaga.

"Ule iko mdogo!" anko akaruka. "Hewa yake kidogo!"

Mama hakuwa akicheka tena. "Fungua pampu yangu."

"Lakini hii kubwa, dada..."

"Fungua. Halafu tia hiyo kubwa peke yake, na hewa yake yote."

Anko aliushusha kwa mikono miwili, polepole, kama anayebatiza. Alipoachia, ulitoweka bila kuuliza njia. Chura mmoja alilia, akanyamaza.

Mimi na mama tukaziba jerikeni iliyopasuka kwa plastiki iliyoyeyushwa, tukafunga kamba upya, tukairudisha pampu majini. Pampu ikaanza kunguruma, maji yakatoka safi, mama akanishika bega akauacha mkono wake pale. Anko alikuwa bado amesimama ukingoni na mikono ya shati imelowa.

"Shida ni maji ya hapa," akasema hatimaye. "Iko mepesi. Bahari ingebeba."

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba hapo alikuwa na ukweli kidogo: maji ya chumvi ni mazito, hubeba zaidi kuliko ya bwawa letu. Mitungi ile ingezama huko pia, ila ingezama kwa adabu zaidi. Sikumwambia. Angefurahi.