Mwosha Chupa wa Njombe na Majina Matano

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu bado umelala uwanjani, na debe la maji linachemka nyuma ya hospitali moja ya misheni hapa Njombe. Tabea Mlowe anazamisha chupa, anahesabu kimoyomoyo, anaitoa kwa kibanio cha mti, anainusa. Hajaridhika. Anairudisha majini.

"Hiyo ilikuwa safi, Dokta," anamtania Silvesta Mtewele, msaidizi wa darubini, aliyesogea kuota moto wa debe.

"Safi kwako wewe," Tabea anamjibu bila kugeuka. "Pua yako ilikufa zamani kwa spiriti."

Tabea ana miaka thelathini na tisa, mwenyeji wa Yakobi. Kazi yake ni kuosha: chupa za mkojo, vioo vya kupakia damu na makohozi, mabeseni. Kwa siku huosha chupa hamsini, zikizidi sana sabini, kwa mshahara wa shilingi thelathini na nane kwa mwezi. Mumewe yuko kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, mwaka wa tatu sasa, na barua zake ni nyingi kuliko hela zake. Watoto wawili na mama mkwe wanamtazama yeye.

Shule aliishia darasa la nne. Udaktari hakufundishwa na mtu. Lakini asubuhi hii amevaa viatu vyake vya kanisani, na kando ya debe kuna kisanduku kilichofungwa kamba. Anasubiri lori la pareto limchukue hadi Makambako. Kila akisikia mlio barabarani, anainua kichwa.

"Sina raha," anasema. "Tangu Machi sijapata usingizi wa kutosha. Nikifumba macho naona chupa."

Chupa zenyewe ni za mwaka jana, mwaka 1955, msimu wa ulanzi.

Daktari wa Kizungu alikuwa amefika kuhesabu wagonjwa wa ukoma katika vijiji vya nyanda hizi. Pamoja na hesabu hiyo, aliagiza kila mwenye kidonda cha mguu apimwe mkojo kama una sukari. Dawa yenyewe ni ya buluu. Ukitia matone ya mkojo na kuchemsha, isipokuwa na sukari hubaki buluu. Ikiwa ipo, hugeuka kijani, kisha njano, na ikiwa nyingi sana, nyekundu.

Watu waliambiwa walete mkojo kutoka nyumbani. Nao walileta katika vyombo walivyokuwa navyo. Msimu huo kila nyumba huwa na ulanzi, maji matamu ya mianzi, asubuhi yakiwa kama asali na jioni yakiwa pombe, na chupa nyingi zilikuwa zimetoka kuwekewa ulanzi.

Katika wiki moja walipimwa watu sitini, na chupa tano zikawa nyekundu. Daktari alifurahi, akaandika majina matano katika daftari lake kubwa. Ndipo Silvesta alipoinusa mojawapo, akacheka mpaka akashika meza.

"Bwana Mganga hakucheka," anakumbuka Silvesta. "Alichukua kalamu na rula, akayakata yote matano kwa mstari mmoja, wala hakuwapima tena."

Tabea hakucheka pia. Yeye ndiye aliyezipokea chupa zile dirishani na kuzipanga safu moja. "Harufu niliisikia," anasema. "Nilinyamaza. Nilijiambia, mimi mwosha chupa tu, wakubwa wataona wenyewe. Hiyo ndiyo dhambi yangu."

Tangu siku hiyo hakuna chupa inayotoka kijijini. Tabea huzichemsha zote, hufunga kitambaa cheupe shingoni mwa kila moja, na mgonjwa hupewa hapohapo dirishani. Lakini imani ya daktari haikurudi. Kila dawa ilipogeuka nyekundu alitikisa kichwa na kusema neno lake: "Ulanzi tena."

Machi mwaka huu alifika mzee Methusela Mwalongo wa Kichiwa, fundi seremala na mzee wa kanisa, pamoja na mkewe, mama Kristina. Alikuwa na kidonda katika wayo kisichopona kwa miezi saba.

"Msumari ulipenya soli ya kiatu ukaingia mguuni," anasimulia mzee huyo. "Nikatembea nao kutoka kanisani mpaka nyumbani. Sikuusikia kabisa. Mke wangu ndiye aliyeona damu."

Mguu usiosikia msumari, huku kwetu kila mtu anajua unaitwaje. Majirani waliacha kutuma watoto kuokota maranda ya mbao karakanani kwake. Siku ya Meza ya Bwana walimwachia anywe wa mwisho.

Silvesta alimkwaruza ndewe za masikio na ukingo wa kidonda, akapaka kwenye kioo, akatia rangi, akakaa na darubini saa nzima. Hakuona kijidudu hata kimoja. Daktari akasema uko ukoma unaojificha, darubini isiuone. Mkojo ulipochemshwa ukawa mwekundu. "Ulanzi tena," akasema, na jina la Methusela likaingia katika orodha ya lori la kwenda kambi ya wakoma. Kesho yake alfajiri daktari mwenyewe akaondoka kwenda Mawengi kuendelea na hesabu yake, kwa wiki nzima.

Kwa wengine mambo yaliishia hapo. Kwa Tabea ndiyo yalianza, na yalianza kwa ndoo.

"Nina ndoo ya maji yaliyochemshwa, ya kusuuzia," anaeleza. "Siku ile nilikuta imepungua nusu. Nikajaza, ikapungua tena. Nikasema leo nitamkamata mwizi. Nachungulia, ni mzee wa kanisa, ameinama na kata, anakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Aliponiona akaona haya. Akasema, 'Nisamehe mwanangu, kiu yangu haina mwisho.'"

Neno lile lilimkaa kichwani. Aliwahi kumsikia daktari akieleza kwamba wenye sukari hunywa mno na kukojoa mno, na miguu yao hufa ganzi. Jumatano asubuhi alipopata nafasi ya kumtafuta mzee wodini, kitanda kilikuwa kitupu. Alikuwa amekwisha pelekwa Makambako. Lori la kambi lingeondoka kule Alhamisi saa nne.

"Chupa yake niliichemsha mimi," alimwambia Silvesta.

"Una hakika?"

"Nina hakika." Kisha akageukia safu ya chupa. "Zilikuwa chupa sitini na nane siku ile, Silvesta. Nina hakika. Nadhani nina hakika."

Silvesta alimtazama, akaingia ndani, akatoka na kisanduku: taa ya spiriti, dawa ya buluu, vichupa vyembamba viwili vya kuchemshia. "Ukivivunja tutafukuzwa wote," alisema. "Nenda. Chupa za leo nitaosha mimi, na Mungu awasaidie wagonjwa."

Kutoka Njombe hadi Makambako ni maili arobaini. Kwa mvua za Machi ni kama mia. Lori alilopanda lilikwama mara mbili, abiria wakalala njiani, na alipopambazukiwa Tabea aliteremka na kumaliza maili sita za mwisho kwa miguu, kisanduku kichwani, viatu mkononi. Alifika saa tatu kasorobo.

Wagonjwa kumi na wanne walikuwa wamekaa nyuma ya maduka, mbali na watu. Muuza chai aliwamiminia katika makopo waliyokuja nayo wenyewe, akiinua birika juu lisiguse. Methusela alikuwa wa mwisho, mguu umefungwa kitambaa, Kristina ubavuni pake. Sheria haikumruhusu mke kupanda. Alikuja kumwona mumewe akiondoka tu.

Karani wa lori, Anania, alikuwa na orodha mkononi.

"Kamwene, mama," alimwamkia. "Unasindikiza au unapanda?"

"Nimekuja kupima mkojo wa yule mzee."

Karani aliangua kicheko. "Hapa ni stendi, mama, si hospitali! Orodha imepigwa muhuri."

"Muhuri hautafutika kwa mkojo. Nipe nusu saa."

Tabea aliomba maji ya moto kwa muuza chai, akasuuza chupa aliyokuja nayo mara tatu mbele ya watu wote. Mara ya nne aliijaza maji, akanywa mwenyewe hadi tone la mwisho. "Haina utamu," alisema. "Anayebisha aje anywe."

Hakuna aliyekuja. Ikawa taabu kwa mzee.

"Mzee wa kanisa mzima nikakojoe kwenye maduka ya watu?" alinong'ona Methusela.

"Baba Mika," Kristina alimjibu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "usiku kucha unanikanyaga ukitoka nje kukojoa, leo mchana ndiyo umepata haya? Nenda!"

Alikwenda. Aliporudi na chupa, Anania akauliza swali ambalo Tabea husema ndilo lililomwokoa. "Na kama dawa yako huwa nyekundu kwa kila mtu?"

"Basi lete na wako."

Wagonjwa wakacheka, pengine kwa mara ya kwanza siku ile. Bibi mmoja asiyekuwa na vidole alipaza sauti: "Nenda, karani! Au unaogopa ulanzi wa jana utakusema?" Anania akachukua kopo jipya dukani, akazunguka nyuma ya nyumba akiwa amekunja uso.

Tabea aliwasha taa. Upepo ukaizima. Akawasha tena, Kristina akavua kanga ya mabegani na kuizungushia. Mkojo wa karani ulitangulia. Ulichemka na kuchemka. Ukabaki buluu.

Kisha wa mzee. "Nilishika kichupa kwa kibanio," anasema Tabea. "Niliomba, Bwana, usiniaibishe mara ya pili. Halafu nikaona aibu kwa sala yangu. Mtu anapelekwa mbali na mkewe, nami naombea jina langu."

Buluu ikawa kijani. Kijani ikawa njano. Njano ikatibuka kama tope, na polepole ikatulia rangi ileile ya matofali ya kanisa la Kichiwa.

"Ni habari njema, mwanangu?" Methusela aliuliza.

"Ni ugonjwa mwingine, mzee. Nao unaua, sitakudanganya. Lakini huu haukufukuzi nyumbani."

Anania alivuta penseli sikioni. Mbele ya jina la Methusela Mwalongo aliandika: amebaki, sukari. "Nikifukuzwa kazi," alisema, "nitakuja kuosha chupa na wewe."

Aliporudi kutoka Mawengi, daktari alimpima mzee mara tatu kwa mkono wake mwenyewe, mkojo na damu. Hakubisha tena. Methusela alikatwa vidole viwili vya mguu na kuanzishiwa sindano, moja kila asubuhi. Kidonda kimeanza kufunga. Anatembea kwa gongo alilolichonga mwenyewe, na watoto wa Kichiwa wameanza kurudi kuokota maranda.

Hadithi ingeishia hapo, na watu wangemsifu Mungu wakaenda zao. Lakini jioni ya siku ile ya vipimo, daktari alipomshika mkono na kumpongeza, Tabea hakuuachia mkono wake.

"Nikamuuliza, Bwana Mganga, na wale watano je?"

Daktari alisimama. Alifungua kabati, akatoa daftari la mwaka jana, akampa. Chini ya ule mstari wa rula majina yalisomeka vizuri.

Siku za mapumziko za Tabea tangu Machi zimeishia humo. Watatu kati ya watano aliwapata vijijini wakiwa wazima. Aliwapima, dawa ikabaki buluu. Ulikuwa ulanzi kweli. Wa nne, Hilari, hakuwa mbali. Ni wa Yakobi kwao Tabea, nyumba ya saba kutoka kwake. Mjane wake alimpokea mlangoni. Hilari alifariki Novemba; Tabea alikuwa msibani, ila hakuwahi kuuliza ugonjwa. "Mguu ulioza," alisema mjane. "Na maji, mama, alikunywa maji mpaka mwisho."

Ukimtaja Hilari, Tabea hukamata chupa iliyo karibu na kuanza kuisugua. Hakuna wa kupimwa tena. Mungu ndiye ajuaye.

Amebaki wa tano, Emerensiana, mama wa watoto wanne kutoka Mawengi. Katika daftari la mwaka jana vijidudu vyake havikuonekana, na mkojo wake ulikuwa mwekundu. Alipandishwa lori la wakoma Juni mwaka jana. Yuko kambini hadi leo, mwezi wa kumi na nne.

Ndiko Tabea anakokwenda. Barua ya daktari iko mfukoni, na Anania amemwekea nafasi katika lori la kambi. Wako huko pia wengine tisa ambao darubini haikuwaonea kijidudu, naye amepewa ruhusa ya kuwapima wote. Akirudi ataomba afundishwe darubini rasmi. Silvesta anasema yuko tayari kumfundisha, ila anaogopa kwamba baada ya mwezi atafukuzwa yeye.

Mlio wa lori unasikika mteremkoni. Tabea anajifunga kanga, anakiinua kisanduku.

"Nikikuta ya Emerensiana ni buluu, nitamshukuru Mungu na kurudi kuosha chupa zangu," anasema. "Nikikuta nyekundu, nitapiga magoti mbele yake. Nitamwambia, harufu niliisikia katika chupa yako, nikanyamaza."

Silvesta anaitoa debeni ile chupa iliyorudishwa, anaikung'uta, anafunga kitambaa cheupe shingoni mwake. "Hii ni safi, mama," anasema, safari hii bila utani.

Tabea anaipokea. Anainusa. Kisha anaitia kisandukuni na kukimbilia barabarani.