Kitabu Chenye Jina la Mbithe

Marehemu baba yangu hakuwa mtu wa kufika mahali. Alikuwa akitoka kwetu Mbooni asubuhi na miwa begani kwenda sokoni, na jioni unamkuta bado katikati ya mteremko, amekaa kwa mtu akiangalia mizinga ya nyuki. Mama zangu hawakumtafuta. Walikuwa wawili, nilisahau kusema, na kila mmoja alidhani mzee amelala kwa mwenzake.

Kwa hiyo mimi kuoa wa pili sikuona ajabu. Wa kwanza ni Mbithe, aliyenizalia watoto sita nikiwa jeshini, kisha akafungwa kizazi katika hospitali yetu ya jeshi. Wa pili ni Kalekye wa Kabati, niliyemtolea mbuzi mwaka ule niliostaafu. Kitabu changu cha matibabu kilikuwa na mke mmoja, Mbithe. Kalekye nilimwambia nimeomba waongeze jina lake. Sikuwa nimeomba.

Sasa, safari yenyewe. Kalekye alitaka kwenda Kabati kumwona mama yake.

Jumanne alfajiri tulipanda basi Mbumbuni, soko la karibu na kwetu. Tumbo lilikuwa linamuuma tangu Jumapili. Nikamwambia ni maharagwe, yatapita.

Saa nne tukabadilisha basi Machakos. Nilikula chapati mbili na yeye akaniangalia tu.

Saa nane Kitui, aliposhuka alipiga magoti pale pale steji. Mama mmoja wa kuuza ndizi akammwagia maji kichwani, akaniambia nimpeleke hospitali ya serikali, si mbali. Nilisema sawa. Lakini nje ya mji kulikuwa na wanajeshi wakichimba bwawa, wana hema la daktari, na wastaafu na familia zao walitibiwa hapo. Nilitaka Kalekye aone vile mume wake anaheshimiwa. Ndiyo sababu, sina nyingine. Nikamtembeza mgonjwa kwenye jua lile.

Njiani nikamwambia, "Leo wewe ni Mbithe."

Akasimama kidogo. "Na Mbithe leo ni nani?"

Nikamwambia atembee.

Daktari alikuwa kapteni kijana, na msaidizi wake sajini, wote watu wa mbali, Kikamba hawajui. Kalekye naye Kiswahili chake kilikuwa cha kununua chumvi tu. Kwa hiyo kila neno lilipita kwangu. Sajini akasoma kitabu, akamtazama Kalekye, akacheka kidogo. "Watoto sita, mzee? Huyu alianza kuzaa akiwa darasa la pili?"

Nikacheka naye. Kalekye akaniuliza wanacheka nini. Nikamwambia wanatusalimia.

Daktari akambonyeza tumbo. Akauliza mara ya mwisho aliona damu ya mwezi lini. Nikamuuliza Kalekye, naye akajibu polepole kwamba miezi miwili hajaona, alikuwa anangoja afike kwa mama yake ndipo aniambie. Miaka minne alikuwa hajapata mtoto. Mnaelewa? Hiyo ndiyo habari aliyokuwa amebeba kwenye basi.

Mimi nikamwambia daktari, "Wiki iliyopita, afande."

Niliogopa. Kudanganya jeshi nilijua kunapeleka mtu wapi.

"Kitabu kinasema alifungwa kizazi," daktari akasema. "Mbona hana kovu? Kama hakufungwa, hii inaweza kuwa mimba iliyokaa nje ya mahali pake, na lazima apasuliwe leo. Kama alifungwa, natafuta ugonjwa mwingine. Huyu ni Mbithe?"

"Ndiyo, afande."

Kalekye alisikia jina hilo. Akainuka kwa kiwiko, akajipiga kifuani. "Kalekye," akasema. Akasema tena, "Kalekye." Kisha akaonyesha vidole viwili na kushika tumbo, na daktari hakunihitaji tena.

Niwaambie sasa msisumbuke: alipona. Mtoto hakupatikana. Mwanajeshi alitumwa Kabati, na kaka wa Kalekye ndiye aliyekuja kutia sahihi apasuliwe. Baadaye aliolewa na fundi wa baiskeli, na nasikia ana wasichana wawili. Watu huniuliza safari ile ilinifunza nini. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kuvaa sare miaka ishirini na moja na asiwe askari. Hata Mbithe sikumwambia ukweli mpaka nywele zikawa nyeupe.

Siku ile pale hemani, gari la kumpeleka hospitali ya serikali liliwashwa. Sajini alinishika bega, sasa hacheki, akasema, "Mzee, ingia nyuma na mama. Sahihi yako inahitajika."

Nikasema nakwenda kujisaidia kwanza.

Kalekye alikuwa kwenye machela, ameniwekea nafasi pembeni, amevuta shuka lake kando nisilikalie. Nikazunguka nyuma ya hema. Nikapita choo. Nikapita rundo la mchanga na wale waliokuwa wakichimba, mmoja akanipigia saluti kwa ajili ya koti langu la jeshi, nikamrudishia. Nilifika barabarani nikageuka upande wa Machakos, nikaendelea kutembea.