Kitongoji Kilicholikataa Jina Letu

Harufu ya mafuta ya sangara yakichemka kwenye masufuria ufukweni ndiyo iliyokuwa ikituamsha. Ulikuwa msimu ule biashara ilipoachiwa huru: pamba ikaanza kununuliwa na watu binafsi, mitumba ikajaa mnadani Nyashimo, na magari ya barafu kutoka Mwanza yakawa yanashuka hadi ziwani kwetu kuchukua samaki. Kitongoji chetu kiliitwa Kwa Maduhu. Jina hilo lilitukaa kooni kama mwiba, maana nyumbani tulilishwa habari moja pamoja na ugali: babu yetu Lubango ndiye aliyefyeka vichaka vya pale kwanza, akitokea Itilima na ng'ombe wake, na Maduhu alipofika alipewa kiwanja na babu. Ila Maduhu alikuwa na mitumbwi. Watu walikwenda kwake kuvushwa, kununua samaki, kuazima nyavu, na midomo ikazoea.

Wivu wangu mimi ulikuwa na sura: Minza, mjukuu wa Maduhu, niliyeketi naye dawati moja. Alikuwa na gauni la mtumba la rangi ya machungwa, lakini si gauni lililoniuma. Mwalimu alipomuuliza anatoka wapi, alitaja kitongoji na papo hapo akawa ameutaja ukoo wake. Nikiulizwa mimi, nililazimika kuwataja wao.

Mwaka ule baba aliuza pamba vizuri, akafungua kibanda cha sabuni na mafuta ya taa pale njia yetu inapoachana na barabara ya Musoma. Akachonga kibao, akakipaka chokaa, akaandika kwa rangi nyekundu: KWA LUBANGO. Mama alikitazama, akasema taratibu, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," akaenda zake kuteka maji. Mimi nilikiona kizuri kuliko msalaba wa kanisani.

Haukupita muda, gari la barafu likaja na dereva mgeni, aliyeagizwa ashuke Kwa Maduhu. Alisoma kibao, akadhani si hapo, akanyoosha hadi Lamadi na kupakia samaki wa huko. Sangara wetu walilala juani hadi wakaharibika. Alasiri wavuvi walijaa uani kwetu wakifoka, baba kajiinamia kwenye kigoda. Ndipo mzee Maduhu mwenyewe akaingia na fimbo yake, akamsalimia baba kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wana Lubango."

"Mwadila, baba."

"Usiking'oe kibao chako. Ongeza tu jina langu chini yake, magari yasipotee. Baba yako alinipokea hapa, sijasahau."

Wavuvi wakanywea, wakaondoka mmoja mmoja. Laiti mzee yule angefoka! Wema wake ulimwelemea baba kuliko makelele ya wavuvi. Kesho yake baba alikipasua kibao kwa shoka, mama akakifanya kuni. Shuleni Minza alinimegea andazi lake, nikalikataa.

Siku hizi barabara ni ya lami. Samaki walipopungua, akina Maduhu walihamia Mwanza. Waliobaki ufukweni ni wajukuu wa Lubango, na mwenyekiti wa kitongoji ni mdogo wangu. Makondakta bado wanaita, "Kwa Maduhu, shuka!" Mwaka jana nilikutana na Minza stendi ya Bariadi, tukakumbatiana. Nilipompa habari za Kwa Maduhu, alishangaa.

"Kumbe bado wanapaita hivyo?" Akacheka, kisha akaniuliza bei ya mchele.

Nilimjibu, huku nikimwonea wivu mpya: jina lililoninyima raha miaka yote hii, mwenyewe alikwishalisahau.