Maji ya Mabogini Yalikopotelea

Tuliondoka Moshi kwa sababu mpunga wa Mabogini, tambarareni chini ya mlima, ulikuwa unakauka, na wakulima walikwisha kumpata mwizi: watu wa mlimani wenye mifereji. Kazi yangu ni kupima mito. Nikithibitisha wizi, mfereji wa juu ungefungwa. Safari hii ofisi ilinipa wenzangu wawili: Anna, mtaalamu wa miamba, na Joakimu, anayesoma wadudu wa majini. Nilijiuliza wadudu wanahusu nini.

Asubuhi, Mabogini. Joakimu aliingia hadi magotini kwenye chemchemi inayolisha majaruba ya mpunga, akaibuka na kidudu kwenye kijiko.

“Huyu hukaa maji baridi ya mlimani,” alisema. “Kwenye joto hili kafuata nini?”

Tukapanda.

Mchana, mlimani. Landrova ilitufikisha kihambani, shamba la nyumbani la Mama Felista, ambaye migomba na kahawa yake hunyweshwa na mfongo, yaani mfereji wa ukoo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, wanangu. Mmekuja kunifungia maji?”

Nilimwambia tumekuja kupima kwanza. Hata hivyo alitupa mtori wa ndizi wa moto, kisha akatupeleka mfongoni. Nikapima. Maji mengi yaliingia, machache yakafika shambani. Mengine sikuyaona yalikokwenda. Anna alikuwa ameinama, anagonga mwamba kwa nyundo.

“Una matundu kama mkate,” alisema. “Maji haya hayaibiwi. Yanazama.”

Joakimu akaruka. “Ndiyo maana maji ya chemchemi kule chini ni baridi!”

Tukamwaga mfongoni rangi ya kijani isiyodhuru, tuone itatokea wapi. Mama Felista alicheka mpaka akajishika kiuno. “Wasomi wanapaka maji rangi!”

Tuliporudi Mabogini tulingoja muda mrefu, hata nikaanza kukata tamaa. Asubuhi moja kina mama waliokuwa wakifua wakapiga kelele: chemchemi ilikuwa ya kijani! Joakimu alijitosa na viatu vyake.

Kumbe mfongo ndio ulioilisha chemchemi. Ungefungwa, mpunga wote ungekwisha. Ofisi ikauacha. Kilichopunguza maji kilikuwa tope lililoziba chemchemi; wakulima wakalichimbua, na majaruba yakajaa.

Miaka yote nilidhani mto ni yale maji ninayoyaona. Siku hizi sipimi mto kabla sijawatafuta wanaojua mawe na wadudu wake.

Nilipanda tena kumpa Mama Felista habari.

“Kwa hiyo mpunga wao unakunywa kwangu,” alisema. “Waambie nasubiri mchele.”

Nilicheka, nikawaambia. Mavuno yalipotoka, walimpelekea gunia zima.