Mwalimu Anayepotea

Mwalimu wa mazingira na jamii hukunja ramani mara tu darasa linapovuka lango la chuo, akaitia mkobani kwa vidole vyake vyenye chaki, kisha akapotea. Kila safari ya mafunzo ni hivyohivyo: hutangulia kwa madaha, mpaka wote wanatokea uani kwa watu, katikati ya kamba za nguo. "Haya, ulizeni njia ya mtoni," husema, akijipepea kwa kofia. "Kuuliza si ujinga."

Leo alimsukuma mbele msichana ambaye tangu mwaka wa kwanza hajawahi kunyoosha mkono darasani.

"Hodi, mama. Samahani, mto uko wapi?"

Mama aliyekuwa akianika shuka akaangua kicheko. "Karibu, mwanangu. Umesimama juu yake! Zamani ulipita hapahapa; walipojenga ukuta kule juu, maji yakahamia nyuma ya nyumba."

Msichana akauliza nani alijenga, nani alifurikiwa. Akauliza mpaka shuka zikakauka, huku mwalimu ameketi juu ya ndoo, meno yote nje.

"Mwalimu, unapotea makusudi, sivyo?" msichana akamgeukia.

"Makusudi?" Mwalimu alicheka hadi akashika mbavu. "Kwani wewe njia ya kurudi unaijua?"

Aliijua; mama alikwisha kumwelekeza. Akatangulia, darasa zima nyuma yake, na mwalimu wa mwisho kabisa.